Kabla hujatia mguu mchangani: Malindi hadi Mombasa kwa miguu

Mara ya kwanza nilipotoka Malindi kwenda Mombasa kwa miguu, nilifika Watamu.

Nilikuwa na miaka 19. Mgongoni begi la kilo 17, miguuni raba mpya, na kichwani picha za vijana wa Marekani wanaotembea njia ya Appalachian, kilomita 3,500 na ushei kutoka Georgia hadi Maine, miezi mitano hadi saba porini. Nikajiambia, wenzangu wanamaliza hizo, mimi 120 zitanishinda? Zilinishinda kabla ya isha.

Mwaka uliofuata nilifika, kwa siku sita. Tangu hapo vijana wa mtaani huja kuniuliza wajiandae vipi, na karibu wote huanza na viatu. Mimi huwaanzia na mwezi.

Kule Marekani njia imewekewa alama nyeupe kwenye miti. Sisi alama yetu ni bahari: ikiwa kushoto kwako, unaelekea Mombasa. Lakini bahari hiyo hiyo ndiyo inayokupa njia na kukunyang'anya. Maji yakipwa unapata barabara pana, mchanga mgumu usioacha hata alama ya kisigino. Yakijaa unasukumwa juu kwenye mchanga mkavu unaomeza mguu, na hapo nguvu huenda mara mbili au zaidi. Mbele ya kuta za hoteli na kwenye majabali, hata huo mkavu haupo.

Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya kwetu hupwa kabisa kama saa nne, saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata yanachelewa takriban dakika 50. Basi toka bamvua linapoanza. Ukiondoka saa moja na nusu, maji yanakukimbia na wewe unayafuata. Ikifika saa saba tafuta kivuli ulale. Kufikia siku ya tano na ya sita maji yanapwa alasiri, tena hayapwi sana, na ratiba yako lazima isogee nayo. Mtu aliyepanga kutoka saa moja kila siku kwa sababu ndivyo alivyoandika kwenye daftari ataumia.

Mimi sikupanga chochote. Siku ya pili baada ya mwezi kuandama niliondoka saa sita mchana, kwa sababu mama alikuwa akinikaangia mahamri na rafiki zangu walitaka picha. Nilipofika Mayungu nilimkuta mzee mmoja akishona wavu. Nikamwamkia.

"Marahaba. Na mzigo wote huo waenda wapi, mwanangu?"

"Mombasa, kwa miguu."

Hakunitazama, alitazama maji. "Huko mbele hupiti sasa. Kaa unywe chai, upite kesho asubuhi."

Nilimshukuru nikaendelea. Kabla ya saa nzima kwisha nilikuwa nimekumbatia jabali, maji kiunoni, begi kichwani, simu nimeiuma kwa meno. Nilitoka kwa kupanda kichakani, suruali ikachanika, nikafika Watamu kwa shangazi yangu gizani nikichechemea. Asubuhi sikuweza kuvaa viatu kwa malengelenge. Shangazi akanilipia nauli ya kurudi nyumbani. Ile chai ya mzee nimeikumbuka mara nyingi.

Msimu nao una wakati wake. Kaskazi inavuma kutoka Desemba hadi Machi, na anayekwenda kusini inamsukuma mgongoni. Kusi ikiingia upepo unakuja usoni, mwani umejaa ufukweni unaoza, na kuanzia Aprili kuna masika. Joto la Februari ni kali, sikatai, lakini bora joto. Bahati nzuri hiyo ndiyo miezi ambayo aliyemaliza kidato cha nne yuko nyumbani akingoja chuo. Angalia tu Ramadhani, miaka hii inaangukia Februari na Machi. Sikushauri utembee kutwa juani huku umefunga.

Sasa mzigo. Ndani ya zile kilo 17 kulikuwa na hema la kuazima, sufuria mbili, jiko la gesi, suruali mbili za jinzi, riwaya nene na lita sita za maji. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo maji peke yake yalikuwa kilo sita, na njia nzima hii ina vijiji! Mara ya pili nilipeleka begi kwa muuza mahindi anipimie kwenye mizani yake. Kila likizidi kilo saba pamoja na maji, nilitoa kitu. Hema lilitoka la kwanza. Kilichobaki: lita mbili za maji, fulana mbili, kaptura, tochi, betri ya akiba ya simu, tende nusu kilo, karanga, na kikoi. Kikoi usikiache hata kwa dawa. Ni shuka usiku, ni taulo, ni kilemba saa sita, na ni pazia unapobadilisha nguo.

Viatu, kwa kuwa mtauliza tu. Usianze na vipya. Vile vya safari ya pili nilivivaa miezi miwili, jioni baada ya jioni hadi daraja la Sabaki na kurudi, begi likiwa na kilo zake zote saba. Nilibeba na akala za kuvukia majini na kwenye matumbawe, maana raba ikilowa maji ya chumvi na kuingia mchanga inakuwa msasa. Ukihisi mahali panawaka, simama hapo hapo ubandike plasta. Usingoje kijiji kinachofuata. Na jambo ambalo sikuambiwa na mtu: ufuko una mteremko, na bahari iko kushoto safari nzima, basi mguu wa kushoto unakanyaga chini kuliko wa kulia siku zote sita. Nyonga itakueleza. Tembea pale palipo tambarare, hata kama ni mbali na kivuli.

Ukitoka jasho sana maji matupu hayatoshi. Mimi huchanganya lita moja ya maji safi na vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Dafu pia, ukilipata.

Njiani kuna mikono ya bahari ya kuvuka. Mdomo wa Mida nilivushwa kwa mtumbwi hadi Uyombo, na Takaungu vilevile. Kilifi na Mtwapa kuna madaraja. Patana bei kabla hujapanda, tena uwe na pesa taslimu, kwa sababu simu ikizima M-Pesa nayo imezima.

Lakini maandalizi yaliyonichukua muda kuliko yote yalikuwa ya nyumbani. Baada ya aibu ya mara ya kwanza, mama alikataa kabisa. Nilipambana naye wiki tatu, nikijibu kwa midomo ya mtu mzima, na ilikuwa kazi bure. Mwishowe nilimwendea mjomba. Akaniambia niandike karatasi: kila usiku nitalala kwa nani, na namba ya simu ya mwenye nyumba. Kuijaza ile karatasi ndiko kulikonifunza njia, kwani ilinibidi nipige simu kwa jamaa wa Matsangoni ambao sikuwahi kuwaona, na rafiki wa marehemu babu huko Vipingo. Usiku wa Kikambala ulibaki wazi hadi siku mbili kabla. Mama aliisoma karatasi mara mbili, akaiweka kwenye droo ya leso zake, akasema nipige simu kila magharibi. Kulala ufukweni peke yako, hapana; na kitambulisho kisitoke mfukoni. Mlinzi wa nyumba moja ya kifahari alinizuia karibu nusu saa akidhani mimi mwizi, hadi alipokiona.

Nilivuka daraja la Nyali siku ya sita, alasiri, nikanywa sharubati ya miwa gilasi tatu. Kesho yake nikapanda matatu ya kurudi Malindi. Nilikaa dirishani makusudi, nilitaka kuona kwa macho sehemu zote nilizopita. Kufika Mtwapa usingizi ukanichukua. Kondakta aliniamsha Malindi.