Usipandishe Ijumaa kabla hujaweka toleo jipya juu ya la zamani

Mkuu, simamisha hiyo Ijumaa. Nimesoma uzi wako mara mbili nikidhani nimekosea kusoma. Unasema una programu ya vikoba, vikundi vitatu hapo Tabora vinatumia toleo la kwanza ulilowatumia kwa WhatsApp, toleo la pili umeongeza sehemu ya faini, umelijaribu kwenye emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) na halijatoa kosa hata moja, na Ijumaa unalipandisha Play Store. Halafu unauliza kama emuleta inatosha, na ununue simu gani mbili za majaribio.

Mimi nimekwama hapo kwenye faini. Umeongeza safu kwenye jedwali linalobeba pesa za watu, na hakuna mahali umeandika kwamba umeweka toleo la pili juu ya la kwanza kwenye simu yenye michango ya kweli ndani yake. Mimi niliiruka hatua hiyo, na kuiruka kuliigharimu familia yangu.

Niko Kigoma. Mwaka 2022 nilitengeneza programu ya kuandika madeni kwa ajili ya wauza dagaa. Mtumiaji wa kwanza alikuwa mama mdogo wangu, ana biashara yake pale Kibirizi. Dagaa wengi wanatoka kwa mali kauli: mteja wa Kasulu au Kibondo anabeba magunia leo, analipa akishauza. Mama mdogo alikuwa anaandika kwenye kaunta buku. Nilimbembeleza mwezi mzima aache, nikamwambia karatasi inalowa, inaliwa na panya, inapotea. Akakubali. Kurasa zilizobaki akawapa wajukuu wachoree.

Baada ya miezi minne alikuwa na wadaiwa 41, jumla shilingi 3,840,000. Nikaongeza safu moja tu, ya namba ya simu ya mdaiwa, ili awe anawakumbusha kwa ujumbe. Nikapandisha namba ya toleo la hifadhidata, pale programu inapotunza data, kutoka 1 kwenda 2. Programu ikagoma kufunguka, Room (maktaba ya Android inayosimamia hifadhidata) ikalalamika kwamba njia ya kuhamisha data kutoka 1 kwenda 2 haipo. Nikamuuliza mwalimu wa kozi ya mtandaoni niliyokuwa nimeilipia. Akanijibu kwa mstari mmoja: weka fallbackToDestructiveMigration, kosa litaondoka.

Kosa likaondoka kweli. Asichosema ni kwamba mstari huo unaiambia Room hivi: ukikuta namba hazilingani na hujaelekezwa namna ya kuhamisha, futa majedwali yote, unda mengine matupu. Kwenye emuleta sikuona kitu. Mle ndani mlikuwa na madeni matatu niliyoyatunga mwenyewe, na kila mara nilikuwa nafuta programu na kuiweka upya. Data ya uongo ikipotea, nani ataitafuta?

Nikapandisha Jumatano jioni. Ijumaa asubuhi mama mdogo akanipigia, hata shikamoo yangu hakuisubiri. "Mwanangu, hii simu imewasahau watu wangu." Nikachukua bodaboda mpaka Kibirizi. Dagaa wameanikwa kwenye chanja, jua limeshawaka, yeye amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, simu ameishika kwa mikono miwili, magamba yamekauka vidoleni. Kwenye skrini pameandikwa: "Hakuna mdaiwa. Bonyeza alama ya kujumlisha kuongeza." Maneno hayo niliyaandika mimi. Simu ilikuwa imejisasisha yenyewe usiku.

Hapakuwa na cha kurudisha. Play Store hairudi nyuma: ukitaka kusahihisha unapandisha toleo lenye namba kubwa zaidi, na hilo halifufui jedwali lililofutwa kwenye simu ya mtu. Tulikaa siku tatu tukikumbuka jina kwa jina. Nani alibeba magunia mangapi, nani alikuja na pikipiki yenye turubai la bluu, nani alilipa nusu. Wengine walikuwa waungwana, wakataja deni kubwa kuliko tulilokumbuka. Wengine wakasema walishalipa, na wewe huna karatasi ya kuwaonyesha. Zilirudi 2,900,000. Zilizobaki 940,000 zimekwenda. Nilimlipa 600,000 kwa awamu, kisha akakataa kupokea zaidi, akasema nikatafute maisha.

Yule mwalimu nilimwandikia. Akajibu kwamba nilipaswa kusoma maelekezo ya Room mwenyewe. Sawa, nilipaswa. Lakini mimi ndiye niliyelipia kufundishwa, na mtu anayefundisha wengine kushika pesa za watu hana haki ya kutoa jibu linaloficha kosa badala ya kulitatua. Mpaka leo ushauri wa namna hiyo unazunguka: "weka mstari huu, litaisha." Naomba ufungue mradi wako sasa hivi uutafute mstari huo. Ukiukuta, utoe, uandike njia ya kuhamisha. Kama ni kuongeza safu ya faini tu, inatosha amri ya hifadhidata ya ALTER TABLE yenye ADD COLUMN (ongeza safu) na thamani ya kuanzia 0.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana ndipo utaona kwa nini emuleta haikutoshi hata ukishaandika njia hiyo.

Niliandika ya kwangu vizuri. Safari hii nikajenga jedwali upya na kuhamishia madeni yote, tarehe nikaifanya ya lazima. Emuleta ikapita. Nikamwomba binamu yangu simu yake ya zamani, ya Android Go (Android nyepesi ya simu za bei ndogo), RAM ya GB 1, nikaweka toleo la zamani, nikaketi na mama mdogo tukaingiza madeni yote kama yalivyo. Wiki mbili akaitumia hiyo sokoni huku akiandika na kwenye kaunta buku mpya. Kisha nikaweka toleo jipya juu yake kwa adb install -r, amri ya kuweka programu kwenye simu kutoka kompyuta, ambayo inaacha data ilipo. Programu ikafunguka, ikafa. Ikafunguka, ikafa. Sababu: yale madeni tuliyoyakumbuka kwa kichwa, mengine hayakuwa na tarehe, na toleo la zamani lilikuwa linaruhusu kuacha wazi. Mimi kwenye data yangu ya kutunga niliweka tarehe kila mahali, kwa sababu mtu anayetunga data huitunga nadhifu.

Simu hiyohiyo ikanionyesha jingine. Mama mdogo ameweka maandishi makubwa kabisa, na kwa ukubwa huo kitufe cha Hifadhi kilisukumwa chini ya skrini, kibodi ikakifunika. Alikuwa anabonyeza kurudi nyuma akidhani ndiyo kuhifadhi. Hakuna emuleta ingeniambia hilo, maana emuleta ina macho yangu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na sitaibadilisha: hakuna kupandisha mpaka toleo jipya limewekwa juu ya la zamani, kwenye simu halisi, juu ya data aliyoiingiza mtu mwingine kwa siku kadhaa. Lisiwe toleo la dibagi, lile la kujaribia wakati bado unatengeneza. Liwe lilelile la mwisho, limesainiwa na kubanwa kama litakavyokwenda dukani. Kama unatumia Flutter (zana ya Google ya kutengenezea programu), toleo la dibagi linapewa ruhusa ya intaneti lenyewe, la mwisho halipewi mpaka uiandike kwenye manifesti kuu, faili linalotaja ruhusa za programu. Mtu anajaribu mwezi mzima kila kitu kinafanya kazi, siku ya kutoa programu haioni mtandao.

Kwako kuna mtego mwingine, na huu ni mbaya kuliko wangu. Vikundi vyako vina toleo ulilosaini kwa ufunguo wako, yaani faili la siri linaloithibitishia simu kwamba programu imetoka kwako. Ukifungua programu mpya Play Console (ukurasa wa Google wa kupandishia programu) na kukubali kila inachopendekeza, Google inatengeneza ufunguo wake na kusainia huo. Simu ikikuta saini mbili tofauti inakataa kuweka moja juu ya nyingine. Makatibu wako wataambiwa wafute ya zamani kwanza, nao watafuta, na michango itaondoka nayo. Kwa hiyo pale mwanzoni, kabla ya kutoa toleo la kwanza, chagua kutumia ufunguo wako mwenyewe. Na kama ulichowatumia WhatsApp kilikuwa cha dibagi, ufunguo ule hautakubaliwa. Hapo watumie kwanza toleo dogo lililosainiwa kwa ufunguo uleule wa dibagi, lenye kitufe cha kutoa data yote kwenye faili, na hakikisha toleo la dukani linaweza kulisoma faili hilo.

Pia kama akaunti yako ya Play Console ni ya mtu binafsi na umeifungua baada ya 13 Novemba 2023, Ijumaa haipo hata ukitaka. Utatakiwa kuwa na watu wasiopungua 12 kwenye jaribio la kufungwa (la walioalikwa tu) kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuomba kutoa kwa umma (mwanzoni walikuwa wanataka 20). Usiwakodi watu wa mtandaoni watakaoiweka na kuisahau. Chukua wanavikoba. Siku ya kwanza wape toleo bila faini, waingize michango, siku ya nane wasukumie lenye faini, uone kama jumla inabaki ileile. Hizo siku 14 ndizo kipimo chenyewe, zitumie.

Simu za kununua: usinunue mpya. Tafuta iliyotumika, ya bei ya wanachama wako, kumbukumbu imejaa video za harusi, betri imechoka. Kwenye mipangilio ya simu bonyeza nambari ya muundo (Build number) mara 7, washa utatuzi wa USB ili kompyuta iweze kuweka programu humo, basi.

Ila kabla ya yote hayo, kesho nenda kwa katibu wa kikundi chenye michango mingi. Kaeni mnakili kila kitu kwenye daftari, jina, tarehe, kiasi, na asaini chini. Mama mdogo wangu siku hizi hasasishi bila hilo. Ninakaa naye pale kwenye chanja, anafungua kaunta buku, anasoma jumla kwa sauti, mimi nasoma ya kwenye simu. Zikilingana ananipa simu. Juzi zilipishana kwa shilingi 2,000. Hakunipa simu mpaka nilipoipata ilipo.