Tomte na Baba Krismasi si mmoja

Ndugu, umeuliza kama tomte, kiumbe wa hadithi za kale za Uswidi, ni Baba Krismasi yuleyule. Hapana, walikuja kuunganishwa baadaye.

Tomte wa asili hakuleta zawadi. Yeye ndiye aliyepewa. Ni kizee kifupi chenye ndevu na nguo za kijivu, mlinzi wa boma na mifugo. Jina lenyewe latokana na neno la Kiswidi la kiwanja cha nyumba. Mkesha wa Krismasi aliwekewa bakuli la uji wenye siagi juu, na ole wako usahau siagi! Kuna kisa ninachokipenda sana: mtumishi aliificha siagi chini ya uji. Tomte hakuiona, akaghadhibika, akaenda zizini akamuua ng'ombe. Aliporudi kuumalizia uji akaikuta siagi. Alijuta sana, usiku uleule akaleta ng'ombe mwingine wa kufanana naye kutoka kwa jirani.

Zawadi katika karne ya 19 zililetwa na beberu wa Krismasi, yaani mtu aliyejivika ngozi na pembe za mbuzi. Bado yupo kama pambo la mabua. Mjini Gävle hujengwa mkubwa ajabu tangu 1966, na mara nyingi wahuni humchoma moto.

Mwaka 1881 Viktor Rydberg alichapisha shairi kuhusu tomte, na Jenny Nyström akalichorea picha. Michoro yake ya miaka iliyofuata ndiyo hasa iliyompa kizee wa zizini sura ya mleta zawadi. Ila uji bado wengine humwekea.