Kidonda kimevimba, kina moto, kinatoa maji: kimeharibika au kinapona?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, ni mkulima huku Kilosa. Siku sita zilizopita nilikuwa nafyeka, panga likateleza likanikata kwenye ugoko, kama inchi moja hivi. Damu ikakata, sikwenda kushonwa. Kesho yake pakavimba, pakawa pekundu na pa moto, na maji yakawa yanatoka. Jirani akaniambia uchafu umeingia, basi kila asubuhi namimina spiriti halafu nanyunyiza unga wa kapsuli za rangi mbili, zile za antibiotiki. Sasa uvimbe umepungua, maumivu pia, ila ndani kuna utando wa manjano. Nimesoma mahali kwamba kidonda huponywa na kinga ya mwili. Mimi nilidhani kazi ya kinga ni kupigana na vijidudu tu, inaponyaje kidonda? Ninywe dawa ya kukata uvimbe? Na mama yangu mwenye kisukari ana kidonda unyayoni mwezi wa nne huu. Mbona yeye kinga haimsaidii?

JIBU: Marahaba. Jirani yako aliona vizuri ila alisoma vibaya. Uvimbe, wekundu na moto wa siku ya pili si lazima uwe uchafu. Hata kama panga lile lingechemshwa kwanza, ugoko wako ungevimba, kwa sababu kinachoiamsha kinga mwanzo kabisa ni jeraha lenyewe. Seli zilizokatwa humwaga vitu vilivyokuwa ndani yake, na seli za kinga ambazo hukaa ngozini siku zote huvitambua papo hapo.

Baadhi ya walinzi hao hutoa histamini, ileile inayokuvimbisha ukiumwa na nyuki. Histamini hupanua vishipa vidogo vya damu, ndiyo maana pakawa pekundu na pa moto. Kisha hufanya kuta za vishipa zivuje, ndiyo maana pakavimba na maji yakatoka. Kuvuja huko kuna kazi. Maji hayo yamebeba protini za kinga, na kuta zilizolegea ndizo zinazopitisha chembe nyeupe kutoka kwenye damu kuingia kidondani. Chembe sahani nazo, zilizokata damu yako dakika za mwanzo, zilikuwa zimeshatoa kemikali za kuziita chembe nyeupe hizo.

Wa kwanza kufika kwa wingi ni neutrofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe. Huanza kuingia ndani ya saa chache na hujaa siku ya kwanza na ya pili. Wana fujo: humeza bakteria, hutengeneza asidi ya haipoklorasi, ambayo ni ya ukoo mmoja na dawa iliyomo kwenye jiki ya kufulia, na wakizidiwa hurusha nyavu zilizofumwa kwa DNA yao wenyewe ili kunasa vijidudu. Habari ya nyavu hizo ilitangazwa na watafiti mwaka 2004 tu. Neutrofili hawaishi sana. Hufia kidondani, na mizoga yao ikichanganyika na bakteria ndiyo usaha.

Hapo ndipo wengi huishia wakielezea kinga, na hapo ndipo swali lako linapoanza kunoga. Mwaka 1972 watafiti Simpson na Ross waliwaondolea simbilisi wa maabara neutrofili wao, kisha wakachunguza vidonda visafi. Vilipona kama kawaida. Mwaka 1975 Leibovich na Ross wakaondoa kundi jingine, makrofaji, yaani walaji wakubwa. Mara hii vidonda vilibaki na takataka na ujenzi wa nyama mpya ukachelewa. Kwa maneno mengine, kidonda kisicho na vijidudu kinaweza kumkosa askari wa vita kikapona, lakini kikimkosa mlaji mkubwa kinazubaa.

Huyu mlaji si mgeni kwa sayansi. Mwaka 1882, mjini Messina huko Italia, mtafiti Élie Metchnikoff alichoma mwiba kwenye kiluwiluwi cha kiti cha pweza, yaani mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, na kesho yake akakuta seli zimeuzunguka. Mwaka 1908 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Alichokiona ni ulaji. Baadaye ndipo ikaeleweka kwamba mlaji huyo ni fundi mkuu pia.

Makrofaji huongezeka kuanzia siku ya pili au ya tatu. Mwanzoni nao ni wakali, wanaendelea kuchochea uvimbe. Kisha huanza kumeza mizoga ya neutrofili, na ulaji huo ni mojawapo ya mambo yanayowageuza tabia. Anayemeza mzoga hupata taarifa kwamba vita vimepungua. Hupunguza kemikali za uvimbe na kuanza kutoa za ujenzi: zinazoita vishipa vipya vya damu, na zinazoziamsha seli za fibroblasti zisuke kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoipa ngozi uimara. Ukiona nyama nyekundu ya chembechembe inajaa kutoka chini, inayotoka damu ukiigusa tu, huo ndio mradi wao. Seli za ngozi nazo hutambaa kutoka pembeni kufunika juu. Kovu huendelea kujipanga kwa miezi mingi, na hata likikomaa huishia kwenye takriban asilimia 80 ya uimara wa ngozi ya awali. Wiki tatu baada ya kuumia ni kama asilimia 20 tu. Usirudi shambani na ugoko wazi eti kwa kuwa kidonda kimefunga juu.

Sasa spiriti. Naomba uiache leo. Inaua bakteria, ni kweli, lakini haichagui: inaua na makrofaji niliyemsifu hapo juu, pamoja na seli changa za ngozi zinazotambaa. Kila asubuhi ulikuwa unawamwagia mafundi wako moto. Unga wa rangi mbili nao hugandamana kuwa gaga bandia, unaweza kukuletea mzio, na unafundisha bakteria usugu bila kukupa dozi ya maana. Dawa hiyo haikutengenezwa kunyunyizwa.

Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, au maji safi ya bomba, na sabuni kidogo pembeni. Paka vaselini kidogo, funika kwa shashi safi, badilisha ikilowa au ikichafuka. Najua umeambiwa kidonda kiachwe kipigwe upepo kikauke. Mwaka 1962 George Winter alilinganisha vidonda vya nguruwe vilivyoachwa wazi na vilivyofunikwa vikabaki na unyevu. Vilivyofunikwa viliota ngozi karibu mara mbili kwa kasi. Seli hutambaa penye unyevunyevu. Gaga gumu zinalazimika kulichimbia njia chini yake.

Utando wako wa manjano, kwa jinsi ulivyoeleza, maumivu yakipungua na uvimbe ukishuka, huenda ni mabaki ya damu iliyoganda na seli zilizokufa. Usiukwangue kwa ukucha. Kuosha kwa upole kutautoa taratibu. Uvimbe wa kinga una saa yake: hupanda siku mbili tatu, kisha hushuka. Ukianza kupanda tena baada ya hapo, au wekundu ukasambaa, au mstari mwekundu ukapanda kuelekea gotini, au harufu, usaha mzito, homa, usisubiri. Hiyo sasa ndiyo ile habari ya jirani.

Dawa ya kukata uvimbe usinywe. Kwa maumivu parasetamoli inatosha. Ninachokiogopa zaidi ni prednisoloni, ambayo watu huinunua dukani kama peremende. Hiyo huwazuia hasa hao makrofaji kufika na kufanya kazi, na kidonda huchelewa. (Aliyeandikiwa na daktari kwa ugonjwa mwingine asiikatishe ghafla, azungumze naye kwanza.)

Tuje kwa mama. Kidonda cha miezi minne ndicho wazee waliita donda ndugu, na watu wakikiona husema kinga imeisha. Mara nyingi ni kinyume. Ukikichunguza kidonda cha namna hiyo utakikuta kimejaa chembe za kinga. Tatizo ni kwamba zimekwama. Sukari ikiwa juu neutrofili hufika lakini wanaua kivivu, na makrofaji hawageuki. Wanabaki katika ukali wa siku za mwanzo, wiki hadi wiki. Vimeng'enya vinavyomwagwa pale huila kolajeni mpya kabla haijashika. Ni sawa na kujenga huku bomoabomoa haijaondoka kiwanjani. Ndiyo maana sioni faida ya kumnunulia zile chupa za “kuongeza kinga” zinazouzwa stendi. Hana upungufu wa askari.

Juu ya hapo, mishipa ya fahamu ya unyayo ikiharibiwa na sukari hasikii maumivu, hivyo anakikanyaga kutwa nzima, na mishipa ya damu ikiwa imesinyaa hata chembe nzuri hazifiki. Anahitaji mambo ambayo hayapo dukani: sukari ishushwe, nyama iliyokufa iondolewe na mtu mwenye ujuzi, uzito uondolewe kwenye kidonda hicho, na damu ya mguuni ipimwe kama inafika. Ale protini pia: maharage, mayai, dagaa. Kolajeni haisukwi kwa ugali mtupu.

Mpeleke wiki hii, kliniki ya kisukari kama ipo karibu, la sivyo kituo cha afya wakupe rufaa. Na mkifika hapo, onyesha ugoko wako uchomwe sindano ya pepopunda, kama hukumbuki kuchomwa ndani ya miaka mitano. Panga la kufyekea ni kitu cha udongoni, na huko ndiko mbegu za bakteria wa pepopunda zinakokaa. Sumu yake ni kali kiasi kwamba kiwango kinachoweza kuua mtu ni kidogo mno kuifundisha kinga chochote. Hata aliyeugua akapona bado inabidi achanjwe. Siku sita zimepita, lakini bado nenda.