Bondi za kikemia: jiulize kwanza ni nini kinachoachia

Nikifundisha bondi, yaani nguvu zinazoshikanisha atomu, kidato cha pili, nakutana na jedwali lilelile kwenye madaftari: ayoni (chembe zenye chaji zinazovutana), kovalenti (atomu zinazochangia elektroni), metali, na mbele ya kila moja "huyeyuka kwa joto kubwa" au "kwa joto dogo". Wanafunzi wamelikariri sawasawa. Lakini waulize maji yakichemka kinavunjika nini, na wengi watajibu: bondi kati ya haidrojeni na oksijeni.

Sivyo. Bondi hizo zingekuwa zinavunjika, sufuria ya chai ingetoa haidrojeni na oksijeni, mchanganyiko unaolipuka kwa cheche moja. Kinachotoka ni mvuke, na ukigusa mfuniko unarudi kuwa maji yaleyale. Molekuli ni nzima, zimeachana tu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: weka jedwali pembeni, kisha kwa kila kitu jiulize, kikiyeyuka au kikichemka, ni nini kinachoachia?

Anza jikoni, na mtu mzima awepo. Weka sukari kidogo kwenye kijiko cha chuma juu ya mshumaa, na chumvi kwenye kijiko kingine. Sukari inalegea, inakuwa majimaji, halafu inageuka rangi ya kahawia na kunukia. Tazama kwa makini hapo. Inapolegea, molekuli zinaachana, na nguvu iliyozishikanisha ni ndogo. Inapobadilika rangi, bondi kovalenti za ndani ya molekuli zimeanza kuvunjika, na sukari hiyo hairudi tena. Yote haya hutokea kwenye joto la nyuzi 186 za Selsiasi hivi. (Usiiguse, inaunguza vibaya sana.)

Chumvi je? Itarukaruka kidogo kwa sababu ya unyevu uliojificha ndani ya punje, basi. Haina molekuli za kuachana. Ni ayoni za sodiamu na za kloraidi zilizopangana kwa zamu, kila moja ikivutwa na jirani zake wote, na mpaka ziachie unahitaji nyuzi 801. Magnesiamu oksaidi, ambayo ayoni zake zina chaji mbili mbili, inafika karibu nyuzi 2,850. Chaji ikikua, mvuto unakua.

Sasa turudi kwenye maji. Haidrojeni salfaidi, ile gesi ya mayai viza, ina molekuli yenye umbo kama la maji na nzito zaidi, lakini huchemka kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri. Maji hungoja mpaka 100. Tofauti inaletwa na bondi za haidrojeni zinazoshikanisha molekuli moja ya maji na nyingine. Ni dhaifu zikilinganishwa na kovalenti, lakini bila hizo tusingekuwa na bahari.

Mahali ambapo jedwali la kukariri huwaangusha wengi ni almasi. "Kovalenti, kwa hiyo huyeyuka kwa joto dogo." Almasi ya Mwadui haina molekuli ndogondogo; kila atomu ya kaboni imefungwa na nyingine nne, jiwe zima. Hapo ili kitu kiachie, lazima bondi kovalenti zenyewe zikatike, ndiyo maana ni ngumu kiasi kile. Kinywe (grafiti) kinachopatikana Mahenge ni kaboni hiyohiyo, ila kila atomu imeshika tatu tu, kwa matabaka. Matabaka yanateleza, ndiyo maana penseli inaandika, na elektroni ya nne inazunguka huru. Chonga penseli pande zote mbili, iunge na betri na taa ndogo ya LED: itawaka. Chumvi kavu haitaiwasha, kwa kuwa ayoni zake zimekwama. Iyeyushe majini, zinapata nafasi ya kutembea, na taa inawaka.

Metali haziwasumbui wanafunzi wangu. Elektroni ni za wote, kwa hiyo waya wa shaba unapinda bila kukatika na umeme unapita. Piga punje ya chumvi kwa nyundo uone tofauti: ayoni zinasogea, chaji zinazofanana zinakutana, zinasukumana, punje inapasuka.

Kwenye mtihani, usiandike "kwa sababu ni kovalenti" ukaishia hapo. Taja chembe, yaani atomu, ayoni au molekuli, kisha taja nguvu inayozishikanisha, ndipo useme kama ni kubwa au ndogo.