Kufundisha maadili ya biashara Asia: tuache kusingizia utamaduni

Msomaji mmoja amepata mkataba wa kufundisha maadili ya biashara katika chuo cha Korea Kusini, naye ameuliza swali ambalo wahadhiri wengi wanaotoka kwetu kwenda huko huwa nalo: nianzie wapi, na darasa likinyamaza nifanyeje? Namjibu kwa kirefu, maana somo hili hufundishwa vibaya, na wanaoumia ni vijana ambao muda si mrefu watakaa kwenye dawati la manunuzi au la hesabu, bosi awasogezee karatasi na kuwaambia wasaini.

Kosa kubwa ni hili. Mhadhiri anafundisha kisa cha Marekani, halafu anauliza: "Na kwenu mnafanyaje?" Hapo amemgeuza mwanafunzi kuwa wakili wa taifa lake. Atatetea, au atanyamaza, au atakwambia unachotaka kusikia. Vyovyote iwavyo, hajafikiri.

Anza na sheria ya nchi uliyopo. Korea Kusini ina sheria ya kuzuia upendeleo na rushwa inayofahamika kwa jina la Kim Young-ran, jaji wa kwanza mwanamke katika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, ambaye ndiye aliyeipendekeza. Ilianza kutumika tarehe 28 Septemba 2016, na inawabana watumishi wa umma, walimu na waandishi wa habari. Viwango vya mwanzo vilikuwa hivi: chakula kisizidi won 30,000, zawadi won 50,000, na mchango wa harusi au rambirambi won 100,000. Baadaye fedha za mchango zikashushwa hadi 50,000, mazao ya kilimo na samaki yakapewa kiwango cha juu zaidi, na mwaka 2024 chakula kikapanda hadi 50,000.

Wagawie wanafunzi namba hizo bila maelezo, vikundi vya watu wanne, dakika 20. Waulize: kwa nini rambirambi ina kiwango chake peke yake? Nani alinufaika zawadi za mazao zilipolegezewa? Wataona wenyewe kwamba Wakorea wamebishana miaka yote hiyo kuhusu mpaka kati ya heshima na hongo, na bado wanabishana. Hapo ndipo lile neno "utamaduni wa Kikorea" linapoacha kuwa jibu la kila swali.

Na sheria hiyo inakugusa wewe mhadhiri pia. Siku ya kwanza ilipoanza kutumika, polisi walipigiwa simu kuarifiwa kwamba mwanafunzi amempa profesa kopo la kahawa. Kwa hiyo usingoje mwanafunzi akukabidhi kitu mbele ya wenzake ndipo umkatalie, utamwaibisha bure. Tangaza kipindi cha kwanza, na uandike kwenye muhtasari wa somo, kwamba hupokei chochote kutoka kwa unaowasahihishia, hata kinywaji.

Ukiwa nchi nyingine, tafuta kifungu chenye uzito kama huo. Sheria ya Kuzuia Rushwa ya Singapore, ya mwaka 1960, katika kifungu cha 23 inakataza mtu kujitetea mahakamani kwa kusema zawadi aliyotoa ni desturi ya biashara yake. Indonesia, mtumishi wa umma aliyepewa zawadi inayohusiana na cheo chake anatakiwa kuiripoti kwa tume ya kupambana na rushwa, KPK, ndani ya siku 30 za kazi. Watanzania wanaokumbuka takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura ulioruhusiwa na sheria ya uchaguzi hadi Mahakama Kuu ilipoufuta mwaka 2006, watautambua mjadala huu mara moja.

Sasa kuhusu utii kwa wakubwa. Hapa natumia Rana Plaza, na naomba mtu asiiruke kwa kuona imezoeleka. Jengo la ghorofa nane, Savar, nje kidogo ya Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana. Mhandisi akasema jengo si salama. Kesho yake asubuhi wafanyakazi wa viwanda vya nguo wakaamriwa kurudi kazini, wengine wakitishiwa kunyimwa mshahara. Jengo likaanguka, na watu zaidi ya 1,100 wakafa.

Andaa ukurasa mmoja usio na majina, unaoishia jioni ya tarehe 23. Gawa darasa katika nafasi tano: mshonaji, msimamizi wa laini, mwenye kiwanda, mhandisi, na ofisa manunuzi wa kampuni ya Ulaya. Kila kundi liandike sentensi mbili tu, neno kwa neno, ambazo mtu huyo angemwambia aliye juu yake, au mteja wake, usiku huo. Waandike kwa lugha yao ya nyumbani. Kwa Kikorea, kwa mfano, hata mwisho wa kitenzi hubadilika kulingana na unayesema naye, na woga wote unajificha humo. Msaidizi wako atakutafsiria.

Mara nyingi kundi la msimamizi huandika: "Nakataa." Usikubali. Uliza mshahara unatoka lini, kodi ya nyumba inalipwa na nani, na wangapi wako nyuma yake. Hapo ndipo sentensi zinapoanza kufanana na maisha: anaomba barua ya mhandisi aione kwa macho, anakwenda na wasimamizi wenzake badala ya peke yake, anaomba zamu isogezwe kwa nusu siku.

Ndipo uwape ukurasa wa pili: benki na maduka ya ghorofa za chini yalikuwa yamefungwa. Jengo lile lile, mji ule ule, watu wa utamaduni ule ule. Uliza tofauti ilikuwa nini, kisha ukae kimya. Yeyote aliyetaka kusema "Wabangladeshi ni watiifu mno" hana tena pa kushika. Itabidi darasa lizungumze juu ya mikataba, mshahara, muda wa kupeleka mzigo na nani ana sauti. Kwangu mimi hiki ndicho kipindi muhimu kuliko vyote katika muhula, na mhadhiri anayekosa muda wa kukifanya chote afadhali apunguze nadharia.

Kimya cha darasa hutibika kwa mpangilio. Toa dakika tatu za kuandika kabla ya mtu yeyote kusema. Wazungumze wawiliwawili, halafu wanne, halafu msemaji aseme "kundi letu limeona," si "mimi naona." Katika darasa la watu wazima walio kazini, usimchanganye meneja na wa chini yake kundi moja, na mdogo aanze kusema. Mkubwa akishatamka, mjadala umekwisha.

Falsafa usiiache, ila usiitumie kama pambo. Wengi humnukuu Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, pale anaposema kwamba kwao baba humficha mwana na mwana humficha baba, kuhusu kisa cha baba aliyeiba kondoo na mwanawe akamshuhudia, kisha wanahitimisha kwamba Asia haina nafasi ya mtoa taarifa za maovu kazini. Soma nao pia Kitabu cha Utii kwa Wazazi, kinachosema mwana lazima amkanye baba anayetenda lisilo haki, na waziri vivyo hivyo kwa mtawala wake. Kisha uwape kisa cha Toshiba, kampuni ya Japani: mwaka 2015 kamati huru iliyochunguza hesabu za kampuni hiyo ilieleza kwamba wafanyakazi hawakuweza kwenda kinyume na matakwa ya wakubwa, na faida ilikuwa imekuzwa kwa zaidi ya yen bilioni 150. Je, nani pale alipaswa kumkanya nani, na kwa njia ipi? Japani yenyewe imejibu kwa sheria: tangu Juni 2022 kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 300 lazima iwe na utaratibu wa kupokea taarifa za ndani.

Alama usizipange kwa kuhesabu nani kanyoosha mkono. Asilimia 40 ziende kwa karatasi fupi za kila wiki, 30 kwa kazi ya kundi, 30 kwa mtihani. Katika mtihani toa barua pepe ya bosi anayetaka mauzo ya Januari yaandikwe Desemba, na umtake mwanafunzi aandike jibu atakalolituma, si insha ya kulieleza.