Maswali ya kemia: tanuu halina msawazo

Barua za wiki hii nyingi zimetoka Pemba, na nusu yake zinauliza jambo moja. Nianze nalo, tumalizane.

Ganda la tatu linachukua elektroni 18. Mbona potasiamu ni 2,8,8,1, si 2,8,9? (Kidato cha Tatu, Wete)

Nimeshalijibu hili mpaka wino umekauka. Namba hizo ni elektroni za kila ganda, kuanzia la ndani. Kuweza kuchukua 18 si kulazimika kujaa kwanza. Elektroni hukaa penye nishati ndogo, na kwenye potasiamu 4s (sehemu ya ganda la nne) iko chini ya 3d (sehemu ya ganda la tatu). Elektroni ya 19 ikaingia 4s. Kwenye kalsiamu, ya 20 ikaifuata. Kuanzia skandiamu ndipo 3d inapoanza kujazwa, na ukifika shaba, namba 29, utakuta 2,8,18,1. Aliyekukaririsheni "2,8,8" kakupeni njia ya mkato inayoishia kwenye kalsiamu. Na chuma kikipoteza elektroni mbili, zinatoka 4s, si 3d. Andikeni hilo mkononi.

Sodiamu inaripuka majini, klorini ni sumu. Chumvi tunailaje?

Sodiamu ya chumvini imeshatoa elektroni yake, imebaki 2,8. Klorini imeipokea, imekuwa 2,8,8. Hizo ni ioni, yaani atomi zilizotoa au kupokea elektroni, hazina ugomvi tena. Ukiitaka klorini yenyewe, changanya jiki na asidi ya kusafishia choo. Usithubutu! Niliwahi kuingia choo cha mtu aliyefanya hivyo, nikatoka mbio hadi barazani natafuta pumzi.

Msawazo ukifika, mmenyuko umesimama? (Micheweni)

Haujasimama. Unakwenda na kurudi kwa kasi ileile, ndiyo maana viwango havibadiliki. Wala si nusu kwa nusu. Neno lenyewe limewaponza wengi.

Nendeni mkaangalie tanuu la chokaa. Mawe ya matumbawe, ambayo kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti, yamepangwa juu ya magogo, na moto ukikolea vizuri unafika nyuzi 900. Jiwe linatoa hewa ukaa, inabaki oksidi ya kalsiamu, ndiyo chokaa. Lingekuwa ndani ya chombo kilichofungwa, gesi ingejaa, nyingine ingerudi kwenye oksidi, na msawazo ungepatikana. Lakini tanuu liko wazi, upepo unaichukua gesi, jiwe linaendelea kuvunjika mpaka liishe. Linyanyue likishapoa: jepesi ajabu kwa ukubwa wake, maana katika kila kilo 100 za kalsiamu kaboneti, 44 zimekwenda hewani. Limwagie maji, linachemka na kupasuka. Kaeni mbali, chokaa hiyo inapofua macho. Ikishapakwa ukutani huivuta ileile gesi polepole na kurudi kuwa kalsiamu kaboneti. Kuta za Mji Mkongwe ndivyo zilivyoshikamana. Sasa mtu anakuja kuzipiga plasta ya saruji, unyevu unakosa pa kutokea, kisha analalamika ukuta unabambuka!

Kichocheo kinaongeza amonia?

Hakiongezi, kinawahisha tu kufika palepale. Katika mbinu ya Haber, ya kutengeneza amonia kwa naitrojeni na hidrojeni, kinachosukuma kuelekea amonia ni mgandamizo wa angahewa kama 200, kwa kuwa molekuli nne za gesi zinakuwa mbili. Joto la nyuzi 450 linapunguza amonia, ila bila joto hilo mtasubiri sana.

Nikibadili namba ya chini kwenye H₂O, mlinganyo unasawazika. Kuna ubaya?

Hakuna, mradi uwe tayari kunywa H₂O₂, ambayo si maji tena bali hidrojeni peroksidi. Namba ya kusawazisha inatiwa mbele ya fomula.