Umetoka depo, umepangiwa gereza: yashike haya

Umemaliza Kiwira, chuo cha askari magereza wa Tanzania, umekula kiapo, barua ya kituo unayo mkononi. Gwaride unalijua, silaha unaijua, Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 umeifanyia mtihani. Vizuri. Sasa unaingia mahali ambapo watu mia kadhaa watakusoma kabla wewe hujamsoma hata mmoja wao. Muda wanao. Watajua kama unavuta sigara, kama mshahara umekata kabla ya mwezi kwisha, kama umegombana na mkuu wako wa zamu, na kama unaogopa. Askari mpya hupimwa, na mara nyingi hapimwi kwa ubabe. Hupimwa kwa upole.

Wengi walioharibikiwa kazini hawakuanza kwa kuingiza simu au bangi. Mahabusu mmoja mtaratibu, kila neno la tatu ni "afande", atakuambia mke wake hajui kwamba amehamishwa gereza. Namba hii hapa, mpigie tu umwambie mumewe ni mzima. Unapiga. Mama wa watu anashukuru mpaka analia, na jioni unaona elfu kumi imeingia kwenye simu yako, "ya soda, afande". Hukuiomba. Lakini tayari upo muamala wenye jina lako na jina la mke wa mahabusu, na yule mtaratibu anajua. Wiki ijayo atataka kiberiti. Kisha laini ya simu. Siku utakapokataa hatabishana. Ataitaja tu ile elfu kumi, kwa sauti ya chini, wenzako wakiwa hatua chache kutoka hapo. Kuanzia siku hiyo anayetoa amri si wewe.

Angalia kwamba ombi lenyewe halikuwa baya. Familia kujua ndugu yao kahamishiwa wapi ni haki ya mahabusu, na Kanuni za Mandela kuhusu wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema hivyo waziwazi. Ndiyo maana linayo njia yake. Mwambie, "Nalipeleka ofisini," ulipeleke kweli, liandikwe, halafu urudi umpe jibu hata kama jibu ni hapana. Anayechukiwa gerezani kuliko askari mkali ni yule anayesema "nitaangalia" akapotea. Mkali wanamzoea, kwa sababu wanajua jana alisema nini na kesho atasema nini. Kigeugeu hawamwamini, na asiyeaminika hatanong'onezwa kwamba leo usiku kuna jambo linapangwa seli ya pili. Na kama pesa imeshaingia, iripoti siku hiyohiyo kwa maandishi. Kesho yake ni vigumu zaidi kueleza.

Nyapara, yaani mfungwa anayewasimamia wenzake, naye atakurahisishia kazi mno. Atawapanga watu, atawanyamazisha, atakuletea idadi kamili kabla hujaiuliza. Kanuni hizo hizo za Mandela zinakataza mfungwa kupewa madaraka ya kuwaadhibu wenzake, na sababu utaiona mwenyewe: ukimwachia nyapara nidhamu, seli itakuwa na bwana mwingine, na wanyonge watalipa kwa chakula chao. Mtume kazi, usimkabidhi mamlaka.

Hesabu ndiyo kazi. Hesabu mwenyewe, kwa macho yako. Usiku usihesabu blanketi. Subiri uone ngozi, au uone kifua kinapanda na kushuka. Waliopo jikoni, zahanati, mahakamani na kwenye genge la kazi za nje kila mmoja awe na jina lake kwenye karatasi, na jumla ilingane na ya aliyekukabidhi zamu. Isipolingana, lango halifunguliwi hata kama karandinga linapiga honi. Utaambiwa unachelewesha kesi. Wachelewe. Novemba 2021 wafungwa watatu waliohusishwa na ugaidi walitoroka Kamiti, gereza la ulinzi mkali kule Nairobi, wakaja kukamatwa Kitui siku chache baadaye. Askari kadhaa wa gereza walitiwa mbaroni na Kamishna Jenerali wa magereza wa huko akapoteza kiti chake. Funguo sitazisemea mengi: hazitoki mwilini mwako na hazishikwi na mfungwa hata kwa sekunde.

Kuhusu nguvu, sheria ni fupi kuliko vijana wanavyodhani. Unatumia nguvu kujilinda, kuzuia mtu anayejaribu kutoroka, au kumdhibiti anayepinga kwa mwili amri halali; unatumia kiasi kinachohitajika tu, na unamjulisha mkuu wa gereza mara moja. Matusi hayamo humo. Mtu akikutukania mama yako mbele ya uwanja mzima, wanaotazama wanataka kujua utafanya nini. Piga filimbi ukiona hali inachafuka, usiingie katikati peke yako, simama mbali na mkono wake, mwite kwa jina lake, mpe njia ya kurudi nyuma bila kuaibika. Dakika tano za maneno ni bora kuliko mwaka mzima wa kamati ya uchunguzi. Ukilazimika kumshika, baada ya hapo aonwe na daktari, nawe pia.

Halafu andika. "Mfungwa alikuwa mkorofi" si taarifa, ni lawama. Andika saa, mahali, nani alikuwepo, alisema maneno gani, wewe ulifanya nini kwanza na nini baadaye, alipata jeraha wapi. Andika kabla hujabadilisha sare, na kabla hamjakaa na wenzako kusimuliana, maana mkishasimuliana nyote mtaandika kitu kimoja na hakimu hatawaamini.

Mengine kwa haraka. Anayekohoa wiki mbili apelekwe kupimwa kifua kikuu. Hewa anayovuta ndiyo unayovuta wewe. Mahabusu hajahukumiwa, na ibara ya 13 ya Katiba inakataza kumtendea kama mkosaji. Askari wa kiume haingii upande wa wanawake bila kuongozana na askari wa kike. Anayeongea peke yake au aliyeacha kula ghafla usimcheke, mripoti.

Na ukikutana stendi na mfungwa aliyekwisha kutoka, akikusalimia itikia, muulize ya nyumbani, usimtaje kesi mbele ya watu. Akitaka kukununulia chai, kunywa, ila ya kwako lipa mwenyewe.